Git inapojikokota: yanayosemwa kuhusu historia ya komiti, na ukweli wake

Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili ya mradi: kila badiliko lililoandikwa ni komiti, mkondo wa komiti ni tawi, na mradi mzima pamoja na historia yake ni hifadhi. Hifadhi yenye komiti 2,000 haimsumbui mtu. Zikifika laki kadhaa ndipo `git branch --contains`, inayotaja matawi yenye komiti fulani, inapokuacha ukitazama skrini, `git log --graph` inapochelewa kutoa hata mstari wa kwanza, na seva inapohema kila mtu mpya akianza kunakili hifadhi kwa `git clone`. Hapo ushauri huzuka kila upande, na mwingine hauna miguu.

“Git ni nzito kwa sababu mafaili ni makubwa. Nunua diski ya kasi.”

Kwa maswali ya historia, ukubwa wa mafaili hauna neno. Historia ya Git ni grafu: kila komiti inamtaja mzazi wake, au wazazi wawili au zaidi ikiwa imeunganisha matawi, na mishale yote inaelekea nyuma. Kuuliza kama komiti A imo ndani ya tawi B ni kuuliza nasaba: ukianzia B ukapanda kwa wazazi na wazazi wa wazazi, utamkuta A? Bila msaada, Git huitafuta kila komiti ya njiani kwenye pakiti (faili ambamo Git hubana vitu vingi pamoja), huifumua mgandamizo wa zlib, kisha husoma maandishi yake hadi ipate mstari wa mzazi. Inapokea jibu dogo kwa kazi kubwa, na kazi yenyewe ni ya prosesa kuliko ya diski.

Faili la `commit-graph`, lililoingia katika Git 2.18 mwaka 2018, linaondoa ufumuaji huo. Katika hifadhi ya SHA-1 (aina ya vitambulisho vya baiti 20) kila komiti ina safu ya baiti 36: 20 za kitambulisho cha mti wa mafaili, 4 za mzazi wa kwanza, 4 za mzazi wa pili, na 8 zinazobeba namba ya kizazi (tutaifikia) pamoja na tarehe. Ongeza baiti 20 za kitambulisho cha komiti yenyewe. Komiti milioni moja zinaenea katika takribani MB 56. Mzazi anatajwa kwa nafasi yake kwenye orodha, kwa hiyo kumfikia ni kuruka moja kwa moja.

“Tarehe ya komiti inatosha kujua nani katangulia.”

Ingetosha kama saa za kompyuta zote duniani zingekubaliana. Haziafikiani. Mtu mwenye betri ya saa iliyokufa anaweza kuandika komiti ya mwaka 2001 juu ya mzazi wa mwaka 2024, na Git itaipokea bila kinyongo. Ndiyo maana sehemu za Git zinazotegemea tarehe haziachi kutembea palepale zinapodhani zimefika mwisho. Huongeza hatua 5 za tahadhari. Tano ni kisio tu. Saa ikikosewa kwa mlolongo mrefu wa komiti, jibu linaweza kutoka na makosa.

Namba ya kizazi haitegemei saa. Komiti isiyo na mzazi ni 1. Nyingine yoyote ni namba kubwa kabisa kati ya wazazi wake, jumlisha 1. Inategemea waliotangulia tu, na komiti haibadiliki ikishaandikwa, hivyo namba iliyohesabiwa leo ni ile ile hata zikiongezwa komiti nyingine elfu kumi.

“Namba ya kizazi inaonyesha kwamba A inafikika kutoka B.”

Hapa ndipo hata wenye uzoefu hujikwaa. Namba ya kizazi inajua kukataa tu; haijui kukubali. Ikiwa B ina 89,500 na A ina 90,000, A haiwezi kuwa mhenga wa B, na jibu linapatikana bila kupiga hatua hata moja. Zikilingana, na si komiti moja, hakuna inayoifikia nyingine. Lakini B ikiwa na 90,000 na A ikiwa na 89,500, hujajua lolote bado: lazima utembee. Faida yako ni mpaka. Komiti yoyote yenye namba chini ya 89,500 inaachwa, kwa sababu njia ya kwenda A haipiti huko. Badala ya kuchimba hadi mwanzo wa mradi, unakwangua tabaka la juu.

“Basi namba za kizazi huongeza kasi siku zote.”

La. Katika hifadhi ya Linux, `git merge-base v4.8 v4.9`, inayotafuta mhenga wa pamoja wa matoleo mawili, ilitembelea komiti 167,468 ilipopangwa kwa tarehe, na 635,579 ilipopangwa kwa namba za kizazi. Chanzo ni matawi yaliyoanzia kwenye msingi wa zamani: komiti ni ya jana, ila wahenga wake ni wachache, hivyo namba yake ni ndogo. Foleni inayotanguliza namba kubwa huisukuma mwisho, na kabla ya kuifikia inapitia kila kilicho juu yake.

Dawa iliingia katika Git 2.31 mwaka 2021: tarehe iliyosahihishwa. Kanuni yake ni kuchukua iliyo kubwa kati ya tarehe halisi ya komiti na tarehe iliyosahihishwa ya mzazi aliye mbele zaidi ikiongezwa sekunde 1. Mtoto hawezi tena kuonekana mkubwa kuliko mzazi, na mpangilio unabaki karibu na wakati halisi.

“Kwa nini wasihifadhi majibu yote mapema?”

Piga hesabu. Komiti 1,000,000 kwa 1,000,000, biti moja kwa kila jozi, ni GB 125. Hata ukitupa nusu, kwa kuwa mishale ni ya upande mmoja, umebaki na GB 62.5 kwa hifadhi moja. Utafiti wa grafu una mbinu za katikati, mfano lebo za vipindi (namba za mwanzo na mwisho kwa kila nukta ya grafu) kama za mbinu ya GRAIL (2010), lakini Git imechagua kilicho chepesi kuandika na chepesi kusasisha. Kwa maoni yetu ilichagua vizuri.

“Ramani za biti zitaharakisha `git log` kwenye kompyuta yangu.”

Hapana; hizo ni za seva hasa. Ramani ya biti inajibu swali jingine: kutoka komiti hii, ni vitu gani vyote vinafikika, yaani komiti, miti, mafaili na tagi? Kila kitu ndani ya pakiti kina biti yake. Vitu milioni 8 ni MB 1 kwa komiti moja kabla ya mgandamizo, kwa hiyo huchaguliwa komiti chache tu na ramani zake hubanwa kwa EWAH, mbinu ya kubana ramani za biti. Mtu akivuta mabadiliko, seva inachukua ramani ya anachotaka na kuondoa ramani ya alichonacho. Kinachobaki ndicho cha kutuma.

Huandikwa kwa `git repack -a -d -b`. Ukiona onyo `disabling bitmap writing, as some objects are not being packed`, tazama kama kuna pakiti yenye faili la `.keep`, linaloizuia isipakiwe upya: ramani ya pakiti moja inadai vitu vyote viwe ndani ya pakiti hiyo. Hifadhi kubwa mno kuipakia upya kila mara ina njia nyingine, `git multi-pack-index write --bitmap`, kuanzia Git 2.34. Vitu vilivyosukumwa baada ya ramani kuandikwa hutembelewa kimoja kimoja, hivyo seva isiyopakiwa upya kwa muda mrefu hurudi kuchechemea taratibu.

“Kichujio cha Bloom hubahatisha, kwa hiyo `git log -- faili` itaruka komiti.”

Kichujio cha Bloom ni muhtasari mdogo wa mafaili yaliyoguswa na komiti. Kikisema faili halikuguswa, halikuguswa. Kikisema “huenda”, Git inalinganisha miti yenyewe kabla ya kujibu. Biti 10 kwa kila njia (anwani ya faili) na hashi 7 (hesabu zinazochagua biti za kuwasha) hufanya tahadhari za bure zikaribie asilimia 1. Komiti iliyogusa njia zaidi ya 512 haipewi kichujio kwa kawaida. Havijiandiki vyenyewe, omba:

`git commit-graph write --reachable --changed-paths`

Kisha hakikisha kwa `git commit-graph verify`.

“Nimeandika faili la `commit-graph` mara moja, nimemaliza.”

Komiti mpya hazimo ndani yake hadi liandikwe tena. `git maintenance start` hupanga kazi hiyo kila saa. Kuna mtego mmoja wa kimya: hifadhi iliyonakiliwa kwa `--depth`, yaani yenye historia iliyokatwa, haitumii `commit-graph` kabisa, kwa kuwa wazazi waliokatwa wangeharibu hesabu. Angalia kwa `git rev-parse --is-shallow-repository`. Ikijibu `true`, tumia `git fetch --unshallow`. Anayebana bando ajaribu `git clone --filter=blob:none`: historia inakuja nzima, mafaili ya zamani huja yakihitajika, ingawa `git blame`, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itagonga mtandao.

Kupima ni rahisi. Endesha amri moja mara mbili ili diski isidanganye, kisha iendeshe tena na `git -c core.commitGraph=false` mbele yake. Muda usipobadilika, tatizo lako haliko kwenye grafu.