Nazi Inapoanguka: Kani ya Kishindo Hutoka Wapi?

Ninapofundisha kani na nishati hapa Pemba, swali ninalolitanguliza ni la nazi: nazi yenye tungamo la kilo 2 inaachiwa kutoka kimo cha mita 10, je, inapiga ardhi kwa kani ya kiasi gani? Wanafunzi wengi huzidisha 2 kwa 9.8, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, wakapata nyutoni 19.6, kisha wakaweka kalamu chini. Jibu hilo ni la swali jingine.

Nyutoni 19.6 ni uzito wa nazi, yaani kani ambayo dunia huivutia tangu ingali juu ya mnazi mpaka inapogusa ardhi, na njiani kani hiyo haiongezeki. Kinachoongezeka ni kasi. Tukizidisha uzito kwa kimo tunapata nishati tuli, yaani nishati inayotokana na kimo, ya jouli 196, ambayo chini yote imekwisha kugeuka nishati mwendo; kwa hiyo nusu ya tungamo mara kasi ya mraba ni 196, na kasi ni mita 14 kwa sekunde. Nazi ya kilo moja na nusu ingefika kwa kasi hiyo hiyo, ila ikiwa na jouli 147 tu. Upinzani wa hewa nimeuacha makusudi, kwani kwa nazi haufiki hata sehemu ya kumi ya uzito wake. Kwa kuti kavu nisingethubutu kuuacha.

Sasa ndipo penye kishindo. Ili nazi isimame, ni lazima ardhi ifanye kazi ya kuimaliza nishati ile, na kazi ni kani mara umbali. Tuseme imeangukia mchanga ikazama sentimita 4: 196 gawanya kwa 0.04 ni nyutoni 4,900, na tukijumlisha uzito wenyewe, mchanga umeisukuma kwa wastani wa takriban nyutoni 4,920. Ikiangukia sakafu ya saruji, kinachobonyea ni makumbi yake, pengine sentimita 1 tu, na kani inapanda hadi karibu nyutoni 19,620. Nazi iliyokwisha kufuliwa haina hata makumbi hayo ya kuirefushia njia ya kusimama, ndiyo maana hupasuka. Basi mtahini anayetoa tungamo na kimo peke yake, akataka kani ya kishindo, ameuliza swali lisilojibika.

Anayetaka kuhakiki apite njia ya muda. Kasi ikishuka kwa mfululizo kutoka 14 hadi sifuri, wastani wake ni 7, hivyo sentimita 4 za mchanga huchukua sekunde 0.0057 hivi. Momenta ya nazi, yaani tungamo mara kasi, ni 28. Ukiigawa kwa muda huo unarudi kwenye nyutoni 4,900, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria desimali. Nazi ikidunda badala ya kusimama, badiliko la momenta huwa kubwa zaidi ya 28, na hesabu hii hubidi ianzwe upya.