Tundu kwenye bampa si foglaiti: maana ya taa za ukungu za hiari

Ukitoka Nakuru alfajiri, ukaipita Salgaa na kupanda hadi Mau Summit, njia hugawanyika: moja yaenda Timboroa na Eldoret, nyingine yateremka Kericho hadi Kisumu. Msimu wa mvua, ukungu utakukuta kwenye yoyote utakayoshika. Wengi hapo huwasha fuli, yaani taa kubwa za kumulika mbali, na papo hapo ukuta mweupe huzuka mbele ya kioo.

Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Mwanga wa fuli hupita usawa wa macho yako, ukagonga matone hayo na kukurudia mwenyewe. Foglaiti, yaani taa ya ukungu, imeundwa ikwepe jambo hilo. Hufungwa chini, mwale wake ni mpana na mfupi, na kwa juu umekatwa kama kwa rula. Humulika kingo za barabara na kipande kidogo cha lami, basi. Anayetaka kuona mbali anatafuta spoti, na hiyo ni taa nyingine kabisa. Habari kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu vizuri zaidi nazo zimetiwa chumvi: tone la ukungu ni kubwa mara nyingi kuliko wimbi la nuru, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za njano hadi 1993, kisha ikaachana nazo.

Sasa neno “hiari”. Huko Japani, gari la aina moja huuzwa kwa gredi kadhaa. Gredi ya juu hupata foglaiti. Ya chini mara nyingi hupata bampa ileile, ila pa taa pamezibwa kwa kifuniko cha plastiki nyeusi. Mwenye gari akikiona hukimbilia kununua taa, akidhani waya zinamsubiri ndani. Pengine zipo, pengine hazipo.

Anza na mkono wa indiketa: una pete ya pili yenye alama ya taa iliyokatwa na mstari wa mawimbi? Fungua boneti, usome mfuniko wa boksi la fyuzi, utafute FOG au FR FOG. Maandishi pekee hayatoshi, maana mfuniko mmoja hutumika kwa gredi zote. Chungulia kwenye tundu lenyewe la fyuzi. Ukiona vyuma vya kushika fyuzi, kuna matumaini. Ukiona plastiki tupu, waya hazikufika. Mwisho ingiza mkono nyuma ya bampa. Huenda ukakuta plagi imefungwa kwa tepu kwenye fungu la waya. Ikiwepo, kazi iliyobaki ni taa, rilei, fyuzi na huo mkono wa indiketa.

Plagi isipokuwepo, utavuta waya mpya, na hapa ndipo magari huungua. Fundi mwenye haraka huchuna waya wa taa kubwa ya upande mmoja na kuunga humo humo. Hebu tupige hesabu. Balbu ya H11 ni wati 55. Mbili ni 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Taa kubwa ya upande huo tayari inakula karibu 5. Kama fyuzi yake ni ya 10, itakatika siku hiyo hiyo. Fundi ataweka ya 20, na taa zitawaka vizuri sana. Lakini fyuzi hulinda waya, hailindi balbu. Sasa waya mwembamba unapashwa moto na hakuna wa kuukomboa.

Rilei ndiyo jibu. Ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Ya kawaida ina miguu minne yenye namba. Chanya ya betri hupitia fyuzi ya ampea 15, iliyo karibu na betri yenyewe, ikaingia mguu wa 30. Kutoka 87 umeme huenda kwenye taa, na upande wa pili wa taa hufungwa kwenye bodi, yaani chuma cha gari, mahali palipokwanguliwa rangi. 85 nayo huenda bodi. 86 hutoka kwenye swichi, na swichi ichukue umeme wake kwenye waya wa taa ndogo, ili ukizizima hizo, foglaiti nazo zizime. Usiiunge swichi moja kwa moja na betri, la sivyo asubuhi utatafuta watu wa kusukuma.

Soma pia maandishi ya balbu. H16 ya wati 19 na H11 ya wati 55 zinafanana kwa umbo, ila taa ya plastiki iliyoundiwa ya kwanza huyeyushwa na ya pili.

Ukimaliza, simamisha gari kwenye uwanja tambarare mbele ya ukuta. Mkato wa juu wa mwale ukae chini kidogo ya kimo cha taa. Ukipanda juu zaidi, wanaotoka Kericho watakujulisha kwa fuli zao.