Moyo Ukisimama Ghafla: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Moyo kusimama si ndiyo mshtuko wa moyo?

Hapana. Katika mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo umeziba. Mgonjwa anaumwa kifua na jasho linamtoka, lakini mara nyingi bado mnazungumza. Moyo ukisimama, pampu yenyewe imeacha kusukuma damu: mtu anaanguka, ukimwita haitiki, na hapumui ipasavyo. La kwanza linaweza kuzaa la pili, ila hata kijana aliyeonekana mzima moyo wake unaweza kusimama.

Lakini nilimsikia akikoroma. Si alikuwa anapumua?

Swali hili linaniuma kila ninapoulizwa, maana anayeuliza mara nyingi ameshamzika mtu wake. Ile mikoromo, pumzi moja sasa na nyingine baada ya kitambo, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Asiyeitika na anayepumua hivyo, anza kumbana kifua hapo hapo. Kila dakika inayopita bila kubanwa kifua wala kushtuliwa kwa umeme, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Kumpepea na kummwagia maji kunazila dakika hizo.

Nani aligundua kwamba kubana kifua kunasaidia?

Watu watatu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani: William Kouwenhoven, ambaye alikuwa mhandisi wa umeme, Guy Knickerbocker na daktari James Jude. Walikuwa wakijaribu mashine ya kushtua moyo kwa mbwa. Knickerbocker akaona kwamba vishikio vya mashine vikigandamizwa kifuani, shinikizo la damu linapanda hata kabla umeme haujapita. Walichapisha matokeo yao mwaka 1960. Kabla ya hapo, njia iliyozoeleka hospitalini ilikuwa kupasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono.

Si bora kusubiri wataalamu wenye dawa?

Dawa inayotumika zaidi ni adrenalini, na imepimwa vizuri. Uingereza walifanya utafiti uitwao PARAMEDIC2, uliotolewa mwaka 2018, kwa wagonjwa 8,014 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali. Nusu walichomwa adrenalini, nusu maji ya chumvi, na wahudumu wenyewe hawakujua wanachoma kipi. Mioyo mingi zaidi ilianza kupiga tena kwa adrenalini: asilimia 36 dhidi ya 12. Lakini waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 2.4 tu. Tena, kati ya waliotoka hospitali wakiwa hai, walioharibika ubongo vibaya walikuwa asilimia 31 kwa adrenalini na 17.8 kwa maji ya chumvi.

Sababu moja inayoeleweka ni muda. Kwa kawaida dawa iliingia mwilini dakika 21 hivi baada ya simu kupigwa. Moyo unaweza kuamshwa baada ya muda huo, lakini ubongo uliokosa damu haungoji. Adrenalini bado inatumika, na sisemi iachwe. Ninachosema ni kwamba dawa inamkuta mgonjwa katika hali aliyoachwa na watu waliokuwa karibu naye.

Denmark walilifanyia kazi jambo hili kwa kuwafundisha raia. Mwaka 2001, wagonjwa waliobanwa kifua na watu wa kawaida walikuwa asilimia 21. Mwaka 2010 wakafika karibu 45. Katika miaka hiyo waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mambo mengine pia yaliboreshwa huko, lakini mikono ya raia ina sehemu yake kubwa.

Mtu aliyezimia anaombwaje ridhaa ya kuingizwa kwenye utafiti?

Haombwi wakati ule, kwa kuwa hawezi kujibu na dakika hazipo. Kamati za maadili huruhusu kwa masharti makali, kisha aliyenusurika au ndugu zake huelezwa na kuombwa idhini ya kuendelea. Katika utafiti huo wa Uingereza, asiyetaka aliweza kuomba mapema bangili ya kukataa.

Nibane vipi?

Agiza mtu apige simu ya dharura, mwingine atafute mashine ya kushtua moyo kama ipo. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Mbavu zinaweza kuvunjika. Usiache kwa ajili hiyo, mbavu huunga.

Lazima nimpulizie mdomoni?

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kama hukufundishwa, bana kifua tu. Kwa mtoto au aliyezama majini pumzi ni muhimu, kwa sababu kilichomwangusha ni kukosa hewa: kila baada ya kubana mara 30, mpulizie mara 2.

Niache lini?

Akianza kusogea na kupumua vizuri, wahudumu wakikupokea, au nguvu zikikuishia kabisa. Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mchezaji mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, huku wataalamu wakimbana kifua na kumshtua kwa umeme, na alipona. Kama mko wawili au zaidi, pokezaneni kila dakika 2, kabla mikono haijalegea.