Kufiksi sampuli: kwa nini bakteria huuawa kabla ya kuhesabiwa

"Sasa mwanangu, mkishawaua mtahesabu nini?" Mzee mwenye boti aliniuliza hivyo pale Kibirizi, Kigoma, aliponiona navuta formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, kwa sirinji na kuitia kwenye chupa ya maji tuliyotoka kuyachota ziwani. Miili yao, mzee, nikamjibu.

Bakteria akishaingia chupani haachi shughuli zake. Anakula, anagawanyika, na protozoa, vijidudu wa seli moja waliochotwa pamoja naye, wanaendelea kumla. Ukifika maabara jioni, idadi utakayoipata ni ya chupa, si ya ziwa. Kufiksi ni kuyasimamisha yote hayo papo hapo: formaldehaidi huzifunga protini za seli zikashikana, seli ikafa bila kuoza, umbo likabaki. Mzee alinielewa nilipomtajia dagaa: wa kuanikwa asubuhi na wa kusahaulika hadi jioni si kitu kimoja.

Formalini ya dukani ina kama asilimia 37 ya formaldehaidi; chupani tunataka asilimia 2 hivi. Basi mililita 1 ya formalini kwa mililita 17.5 za maji. Ichuje kwanza kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), la sivyo utahesabu hata uchafu uliokuja nayo. Vaa glavu, na usiinamie chupa. Ni sumu, na mvuke wake unawasha macho vibaya.

Chupa ikae gizani, kwenye baridi ya nyuzi 4. Wengi hudhani hapo kazi imeisha, wakaiacha miezi. Seli huendelea kupungua hata zikiwa zimefiksiwa, hivyo mapema chuja maji hayo kwa kichujio cheusi kitakachozibakiza seli juu yake, kitie rangi, kitengeneze slaidi, uzigandishe. Rangi ya DAPI hushika DNA, na chini ya darubini yenye mwanga wa urujuanimno kila seli inakuwa nukta ya bluu juu ya kichujio cheusi. Watu wa baharini hufanya vivyo hivyo: mililita moja ya maji ya juu ya bahari huwa na bakteria karibu milioni moja, kwa hiyo huhesabiwa vimraba vichache tu vya kichujio, kisha hesabu ikazidishwa.

Nukta hizo hazikuambii nani alikuwa hai wakati wa kuchota. Wala huwezi kuwaotesha tena. Ukitaka kuotesha, chota chupa ya pili isiyotiwa dawa, na lebo zote mbili uziandike kwa penseli, maana formalini ikidondokea wino wa kalamu hutajua ipi ni ipi.