King'ora cha moshi kwenye nyumba ya kupanga ni jukumu la nani?

King'ora cha moshi ni kile kidude cha mviringo, mara nyingi cheupe, kinachobandikwa kwenye dari na kupiga kelele moshi ukikifikia. Kwa England (Scotland na Wales wana sheria zao), majukumu yake yako kwenye kanuni za mwaka 2015, zilizokazwa zaidi Oktoba 2022.

Mwenye nyumba anatakiwa kuweka angalau kimoja kwenye kila ghorofa yenye chumba cha kuishi, na hapo hata choo na bafu vinahesabiwa kuwa vyumba. Chumba chenye boila ya gesi, yaani mtambo wa kupasha moto maji na nyumba, au jiko la kuni la kuotea moto kinataka pia king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa. Jiko la gesi la kupikia halimo, jambo ambalo binafsi sikulitarajia.

Siku nzito ni ile mkataba unapoanza. Siku hiyohiyo mwenye nyumba, au wakala kwa niaba yake, lazima ahakikishe kila king'ora kinafanya kazi. Ni rahisi mno kuweka saini kwenye karatasi inayosema "vimekaguliwa" wakati hakuna aliyepanda hata kiti. Omba kibonyezwe mbele yako, ukisikie kwa masikio yako, ndipo ushike kalamu.

Baada ya hapo zamu inakuja kwako. Unashauriwa ukijaribu kila mwezi, na betri ikiisha uibadilishe mwenyewe. Utajua imechoka kwa kale kamlio kafupi kanakojirudia kila baada ya dakika moja hivi, na kana tabia ya kuanza usiku wa manane. Ukibadilisha betri na bado hakilii ukikibonyeza, au huwezi kukifikia, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi. Akishaarifiwa na ikathibitika ni kibovu, kukitengeneza au kuweka kingine ni juu yake. Ila usikivalishe mfuko wa plastiki kwa sababu kinalia ukichoma chapati. Fungua dirisha, au mwombe jikoni aweke cha aina inayohisi joto badala ya moshi.

Akikaidi, nenda halmashauri ya eneo lako. Wao humwandikia ilani ya kurekebisha ndani ya siku 28, na asipotii wanaweza kumtoza faini ya hadi pauni 5,000.

Kuna pengo moja linalowagusa wengi wanaofika ugenini. Ukipanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenyewe, mkatumia jiko au bafu moja, kanuni hizi hazimbani. Kama hapo ndipo ulipofikia, angalia dari kabla hujashusha begi.