Nyuki jitu hayupo Tanga, huyo wa kwenye kenchi ni mwingine

Video ya nyuki mkubwa kuliko wote duniani ikishazunguka kwenye simu, Tanga nzima humwona. Mmoja kamkuta Chumbageni, mwingine anaapa yumo kwenye kenchi la jikoni kwao Pongwe.

Dhana: Yupo hata huku kwetu.
Hayupo. Kwao ni visiwa vichache vya Maluku Kaskazini, Indonesia. Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alimpata kisiwani Bacan mwaka 1858, kisha ikapita zaidi ya karne nzima bila wataalamu kumwona tena, hadi 1981. Picha zake za kwanza akiwa hai porini zilipigwa 2019. Jike ana urefu wa milimita 38, na mabawa yakikunjuliwa yanakaribia milimita 64. Mweusi, mwenye mataya makubwa ya kutisha. Dume ni mdogo, kama milimita 23.

Yule mweusi wa Pongwe, anayevuma kama bodaboda inayopanda mlima, ni nyuki seremala.

Dhana: Mataya yale ni ya kutobolea miti, na ndani mna asali ya kujaza ndoo.
Hatoboi mti. Hupanga kwenye kichuguu cha mchwa kilichojengwa juu ya mti, na wenyeji wakiwa bado wamo! Mataya humsaidia kukwangua utomvu, akaufanya donge, akalibeba hadi nyumbani na kusiriba kuta za vyumba vyake ili mchwa wasipenye. Majike kadhaa huweza kukaa kichuguu kimoja, lakini malkia hakuna wala vibarua. Kila mmoja hushughulikia wanawe. Mrina asali hana chake pale.

Dhana: Seremala wetu anakula mbao.
Ule unga unaodondoka sakafuni ni mbao aliyoitafuna na kuitupa. Chakula chake ni nekta na chavua. Tundu ni la kulelea watoto. Hupenda mbao kavu isiyopakwa rangi, basi aliyechoka na matundu anunue rangi kabla ya dawa.

Dhana: Akikuuma, kwisha kazi.
Dume, ndiye mwenye kukuzungukazunguka usoni, hana mwiba kabisa. Jike anao, ila mpaka umshike au umbane.

Na mwenye pesheni uani amwache seremala, ndiye mchavushaji wake. Ua la pesheni ni kubwa: nyuki wa mzinga hupita chini yake akanywa nekta bila kugusa panapostahili, lakini seremala mgongo wake hufika kwenye chavua.