Mkono ndani ya maji ya barafu

Mimi ni mtafiti wa dawa za maumivu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini mnampa mofini, dawa kali ya maumivu, mtu asiyeumwa kitu, kisha mnamuumiza makusudi? Wanaouliza wana haki. Jibu langu huanzia kwenye beseni.

Maji yake ni ya nyuzi 2 hivi za Selsiasi, na pampu huyazungusha yasije yakapata joto kuuzunguka mkono. Mshiriki anazamisha mkono hadi kwenye kifundo, mimi naangalia saa. Mwanzo anasikia baridi tu. Akisema "inauma," tumepata kizingiti. Kisha mabega yanapanda, pumzi inakatika, vidole vya miguu vinajikunja, hadi anapouchomoa mkono: huo ndio mwisho wa uvumilivu wake. Anauchomoa wakati wowote atakao, wala haulizwi sababu. Na hata akijikaza, dakika 3 zikitimia nasimamisha.

Mara nyingi mofini husogeza uvumilivu zaidi kuliko kizingiti. Mtu anakwambia maumivu bado anayasikia, ila hayamsumbui tena. Kwa hiyo ukipima kwa mchomo mkali wa mara moja, unaweza kudhani dawa haifanyi kazi. Henry Beecher, daktari wa Marekani aliyewatibu majeruhi wa vita nchini Italia, alishangaa kuona wengi wao hawaombi mofini licha ya majeraha makubwa. Baadaye akatilia shaka maumivu ya maabara, kwa kuwa hayana hofu wala uzito wa ugonjwa. Lakini mwaka 1966 yeye na wenzake walionyesha kuwa maumivu yanayopanda polepole, ya mkono uliofungwa mpira na kuzuiliwa damu, yanaitikia mofini vizuri.

Na kwa nini nisimpime mgonjwa? Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ana maumivu yanayobadilika kila saa, ana dawa nyingine mwilini, hajalala. Mwenye afya nampa dawa leo na plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu ndani, siku nyingine, kwa barafu ileile. Tena napima na upumuaji wake papo hapo, maana dawa hizi huua kwa kuzima pumzi. Naloksoni, dawa inayobatilisha mofini, huwa tayari pembeni, na aliyewahi kuwa mraibu hatumwandikishi kamwe.

Kinachonipa kazi zaidi ni siri. Si mshiriki wala mpimaji anayetakiwa kujua kilichomo kwenye sindano, lakini mofini hujitangaza: pua inawasha, kichefuchefu kinakuja, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya pini. Akishajua, matarajio yanaingia kazini. Katika utafiti wa mwaka 2011, watu 22 wenye afya walichomwa kwa joto huku wakipewa remifentanili, dawa ya jamii ya mofini. Walipoambiwa dawa imeanza, nafuu iliongezeka takriban maradufu. Walipoambiwa imesimamishwa, ilhali bado inaingia mshipani, nafuu yote ikapotea.

Ndiyo maana siku ya kipimo sizungumzi ya kichwani. Kila mshiriki namsomea maneno yaleyale kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ileile.